Fedha Zipo Benki Lakini Bado Si Zako: Kufanya Kazi ya Kozi ya Uhasibu katika Usimamizi wa Sanaa

Mwanafunzi wa usimamizi wa sanaa anapopewa kazi ya kozi ya uhasibu, mara nyingi hukuta kifurushi cha aina moja: kurasa chache za maelezo kuhusu kundi la maigizo, jumba la makumbusho au tamasha la muziki, orodha ya miamala ya mwaka, na agizo la kutayarisha bajeti, taarifa za fedha na ripoti kwa bodi. Hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Kinachowaangusha wengi ni kuona fedha zimeingia benki na kuziandika mapato hapo hapo. Katika sanaa sehemu kubwa ya fedha huingia kabla ya kazi kufanyika. Mtazamaji hulipia msimu mzima mapema, mfadhili hutoa ruzuku ya mradi ambao haujaanza, mdhamini hulipia nembo kwenye bango ambalo halijachapwa. Kwa hiyo kila unapofika kwenye mstari wa fedha zilizopokelewa, jiulize maswali mawili: fedha hizi zinakuwa zetu lini, na zinaruhusiwa kulipia nini?

Takwimu zilizomo humu ni za mfano, nazo hazina sarafu. Weka sarafu iliyotajwa kwenye swali lako.

Kabla ya kugusa namba

Soma swali mara mbili. Mara ya kwanza tafuta vitu vitatu tu: tarehe ya kufunga mwaka, aina ya taasisi, na kiwango cha uhasibu kinachotakiwa. Hicho cha tatu hubadilisha sura ya taarifa zote. Kampuni inayofuata viwango vya kimataifa hutumia IFRS 15 kwa mauzo ya tiketi, kiwango kilichoanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vilivyoanza tarehe 1 Januari 2018 au baadaye, na IAS 20 kwa ruzuku za serikali. Shirika lisilo la faida la Marekani hufuata FASB, bodi inayotunga viwango vya uhasibu vya huko, nayo inataka mali halisi (mali ukitoa madeni) zigawanywe mafungu mawili: zisizo na masharti ya mtoaji na zenye masharti ya mtoaji. Zamani mafungu yalikuwa matatu, na mabadiliko yalitolewa mwaka 2016, hivyo kitabu cha zamani cha maktaba kinaweza kukupoteza. Shirika la hisani la Uingereza linalofuata SORP, mwongozo wa uhasibu wa mashirika hayo, hutenganisha mifuko: usio na masharti, wenye masharti, na mfuko wa wakfu. Kama swali halitaji kiwango, muulize mhadhiri. Ukishindwa kumpata, taja kwenye aya ya kwanza ya ripoti kiwango ulichokifuata, kisha usikiache njiani.

Mara ya pili, pita kila muamala wa kupokea fedha ukiandika pembeni majibu matatu: nani amelipa, anapata nini, na atakipata lini. Anayepata kitu chenye thamani inayolingana na alicholipa ni mteja. Asiyepata kitu cha namna hiyo ni mtoaji. Mdhamini huwa katikati: akitoa 500,000 na kupewa tiketi na nafasi ya tangazo zenye thamani ya 180,000 sokoni, basi 180,000 ni mauzo na 320,000 ni mchango. Wanafunzi wengi huziweka zote upande mmoja.

Kisha fungua lahajedwali lenye kurasa tano: Makisio, Bajeti, Jarida (orodha ya miamala kwa debiti na krediti), Taarifa, Mtiririko. Kila namba ya msingi, kama bei ya tiketi, idadi ya viti au asilimia ya mrabaha (malipo ya mwandishi kutoka kila tiketi), iandikwe mara moja tu, nayo ikae kwenye ukurasa wa Makisio. Ukikuta fomula kama =B4*0.15, itoe hiyo 0.15 na uipeleke huko. Swali la mwisho la kazi hizi karibu kila mara ni "ingekuwaje kama bei ingeshuka?", na mwenye namba zilizofichwa ndani ya fomula hulijibu kwa saa tatu badala ya dakika moja. Chini ya Jarida weka seli inayotoa jumla ya krediti kutoka jumla ya debiti, pande mbili za kila muamala ambazo lazima zilingane. Isiposoma sifuri, usiendelee.

Bajeti ya onyesho, na ni watazamaji wangapi wanatosha

Hapa ndipo alama nyingi hupatikana au hupotea, kwa hiyo tumia muda. Gharama za onyesho zina tabaka tatu. Vitabu vya uhasibu wa viwanda hufundisha mbili, za kudumu na zinazobadilika, na anayezikopa hizo mbili kama zilivyo hushindwa kujibu iwapo inafaa kuongeza siku ya onyesho.

Tabaka la kwanza ni gharama za kuandaa igizo, zinazolipwa hata pazia lisipofunguliwa. Tabaka la pili ni gharama za kila onyesho, zinazolipwa kila usiku hata akija mtu mmoja. Tabaka la tatu ni gharama za kila tiketi. Chukua igizo la maonyesho 12 katika ukumbi wa viti 200:

Gharama za kuandaa
- Mwongozaji na wabunifu: 900,000
- Waigizaji na mafundi, wiki 4 za mazoezi: 1,600,000
- Mandhari ya jukwaa, maleba na vifaa: 700,000
- Matangazo: 500,000
- Bima na leseni: 100,000
- Akiba ya dharura, asilimia 5 ya jumla ya hapo juu: 190,000
- Jumla: 3,990,000

Gharama za kila onyesho
- Kodi ya ukumbi 60,000, malipo ya waigizaji 70,000, mafundi wa jukwaa 20,000: jumla 150,000, mara 12 ni 1,800,000

Gharama za kila tiketi
- Mrabaha wa mwandishi asilimia 10 na ada ya wakala wa tiketi asilimia 5 ya bei

Gharama za tabaka mbili za kwanza ni 5,790,000. Sasa bei. Tiketi kamili ni 5,000 na ya punguzo ni 3,000. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuchukua 5,000 kana kwamba kila mtazamaji ataitoa. Katika kila watu 100 wanaoketi, tuseme 60 wamelipa bei kamili, 30 bei ya punguzo, na 10 wameingia kwa tiketi za mwaliko. Wastani wa kila kiti kilichokaliwa ni 3,000 + 900 + 0 = 3,900. Toa asilimia 15 ya mrabaha na ada, inabaki 3,315. Gawanya 5,790,000 kwa 3,315 upate 1,746.6. Desimali hupandishwa juu daima, kwa sababu watu 1,746 bado wanaacha pengo. Jibu ni 1,747.

Mwenye kutumia 5,000 angepata 4,250 baada ya makato, na watazamaji 1,363 tu. Tofauti ya watu 384 ndiyo inayoligeuza kundi lenye bajeti nzuri kuwa kundi lenye madeni.

Kosa la pili limo kwenye viti. Ukumbi una viti 200, lakini meza ya taa na sauti huchukua nafasi, na vingine vina nguzo mbele. Vikiondolewa 8, vinavyouzika ni 192 kwa usiku, 2,304 kwa igizo zima. Watu 1,747 ni asilimia 75.8 ya viti hivyo. Ukigawanya kwa 2,400 utapata 72.8 na kuiambia bodi jambo lisilo kweli.

Kama kuna ruzuku ya 1,200,000 ambayo masharti yake yanaruhusu kulipia igizo hili hili, itoe kwenye gharama kwanza: 4,590,000 gawanya kwa 3,315 ni watu 1,385, asilimia 60.1 ya viti. Kama ruzuku ni ya mafunzo ya vijana, haiingii hapa hata kidogo.

Na je, onyesho la 13? Tabaka la kwanza limeshalipwa, kwa hiyo halihusiki. Gharama ya usiku huo ni 150,000. Gawanya kwa 3,315: wakija watu 46 usiku umejilipia, na kila anayezidi hapo anasaidia kulipa gharama za kuandaa. Ila hakikisha ni watu wapya. Onyesho la ziada linalowahamisha watazamaji wa Ijumaa kwenda Jumapili halileti chochote zaidi ya gharama.

Kuhusu kodi ya mauzo: kama imo ndani ya bei, iondoe kwa kugawanya. Bei ya 5,000 yenye kodi ya asilimia 20 ndani yake ni 5,000 ÷ 1.20, yaani 4,166.67. Kukata asilimia 20 ya 5,000 na kubaki na 4,000 ni makosa, na kosa hilo hutambaa hadi mstari wa mwisho wa bajeti. Angalia pia mkataba wa mrabaha unahesabu asilimia yake kwenye bei kabla ya kodi au baada yake. Mikataba hutofautiana, na swali zuri huficha jibu kwenye kiambatisho.

Tiketi za msimu

Watu 300 wamenunua tiketi za msimu wa maigizo manne kwa 12,000 kila mmoja. Fedha zimeingia zote, 3,600,000. Siku hiyo hakuna mapato. Kilichopo ni deni: kundi linadaiwa maigizo manne.

Debiti Benki 3,600,000
Krediti Mapato yaliyopokelewa mapema 3,600,000

Hadi mwaka unafungwa, igizo moja limeonyeshwa. Wengi hugawanya kwa nne na kutambua 900,000. Hilo ni sawa tu kama maigizo yote manne yana bei moja yakiuzwa peke yake. IFRS 15 inataka bei ya jumla igawanywe kwa uwiano wa bei za kila kimoja. Kama bei hizo ni 5,000, 4,000, 4,000 na 3,000, jumla yake ni 16,000, na mnunuzi aliyelipa 12,000 amelipa asilimia 75. Basi migao ni 3,750, 3,000, 3,000 na 2,250. Igizo la kwanza linaleta 3,750 × 300 = 1,125,000:

Debiti Mapato yaliyopokelewa mapema 1,125,000
Krediti Mapato ya tiketi 1,125,000

Salio la 2,475,000 linabaki kwenye mizania, upande wa madeni ya muda mfupi. Mtu asipotokea usiku wa igizo, mapato yanatambuliwa vile vile, maana kiti kilikuwepo na kundi limetimiza ahadi. Onyesho likifutwa bila kupangwa upya, mgao wake ni wa kurudishwa, na hauwi mapato mpaka mwenye tiketi aamue kwa hiari yake kuuacha kama mchango.

Upande wa gharama una mtego wake. Fedha zilizolipwa mwaka huu kwa kodi ya ukumbi wa mwaka ujao ni gharama zilizolipwa mapema, nazo ni mali. Matangazo hayafuati njia hiyo: IAS 38, kiwango cha kimataifa cha mali zisizoshikika, inataka gharama za matangazo ziandikwe kuwa matumizi pale huduma inapopokelewa. Bango lililokwisha kubandikwa Desemba kwa ajili ya igizo la Februari ni matumizi ya Desemba, hata kama hujauza tiketi.

Ruzuku yenye masharti, na ziada isiyo ziada

Tofautisha mambo mawili ambayo kwa Kiswahili tunayaita yote "masharti". Kuna kizuizi, yaani jambo ambalo lazima litimie kwanza, na fedha hurudishwa lisipotimia: "tutakupa 400,000 ukitoa maonyesho 10 ya shuleni." Mpaka maonyesho hayo yafanyike, fedha zilizopokelewa ni deni. Na kuna mpaka wa matumizi: "hizi ni za maleba pekee." Hapo, kwa Marekani na Uingereza, mapato hutambuliwa mara moja, ila katika fungu lenye masharti. Kwenye ripoti yako chagua neno moja kwa kila dhana, kwa mfano "kizuizi" na "mpaka wa matumizi", ulieleze mwanzoni na kushikamana nalo. Msahihishaji hawezi kukupa alama kwa tofauti asiyoiona.

Sasa tazama taarifa ya kundi jingine kwa mwaka mmoja. Mapato ya tiketi 4,600,000, michango isiyo na masharti 350,000, ruzuku ya mafunzo ya vijana 1,200,000. Jumla 6,150,000. Matumizi ya kawaida 5,100,000 na ya mafunzo 800,000. Jumla 5,900,000. Safu moja ya namba inaonyesha ziada ya 250,000, na mwanafunzi anaishauri bodi ipandishe mishahara.

Zitenganishe:

Zisizo na masharti: mapato 4,950,000, matumizi 5,100,000, nakisi 150,000
Zenye masharti: mapato 1,200,000, matumizi 800,000, salio 400,000
Jumla: ziada 250,000

Kundi hili limepata hasara. Zile 400,000 zinasubiri vijana wa mwaka ujao, na kuzilipia umeme ni kuvunja makubaliano na mfadhili. Kama ungeweza kuandika sentensi moja tu kwenye ripoti ya bodi, iwe hii.

Mpangilio wa kuionyesha hutofautiana. Kwa Uingereza, matumizi ya 800,000 hukaa ndani ya safu yenye masharti, kama hapo juu. Kwa Marekani, matumizi yote hukaa safu isiyo na masharti, kisha mstari wa "fedha zilizofunguliwa masharti" unahamisha 800,000 kutoka safu moja hadi nyingine: 4,950,000 + 800,000 − 5,900,000, jibu lile lile la nakisi ya 150,000. Kuchanganya mipangilio miwili katika taarifa moja huhesabu 800,000 mara mbili, na dalili yake ni kwamba jumla itakosa kulingana kwa 800,000 kamili.

Kwa mashirika ya Marekani usisahau pia kuonyesha matumizi kwa aina na kwa kazi: programu, utawala, uchangishaji fedha. Mshahara wa meneja wa 1,000,000 aliyetumia asilimia 60 ya muda wake kwenye maigizo, 25 kwenye utawala na 15 kwenye uchangishaji hugawanywa 600,000, 250,000 na 150,000. Taja msingi wa mgawanyo. Kwa kodi ya jengo tumia eneo la vyumba, kwa mishahara tumia fomu za muda wa kazi.

Michango isiyo ya fedha

Seremala stadi ametengeneza mandhari ya jukwaa bure, kazi ambayo ingegharimu 120,000. Je, inaingia vitabuni? Kwa kanuni za Marekani, huduma ya kujitolea huingia ikiwa imeunda au kuboresha mali isiyo ya fedha, au kama ilihitaji ujuzi maalumu, imetolewa na mwenye ujuzi huo, na ingelazimu kununuliwa. Seremala anaingia. Wanaojitolea kuongoza watu kwenye viti hawaingii, hata wakiwa 40, ila inafaa kuwataja kwenye maelezo ya taarifa. Uingereza nako muda wa wanaojitolea kwa kazi za jumla hauandikwi kuwa mapato.

Muamala una pande mbili: debiti gharama za mandhari 120,000, krediti mapato ya michango ya huduma 120,000. Anayeandika mapato peke yake anaumba ziada hewa. Kwenye mtiririko wa fedha muamala huu hauonekani kabisa, na kwenye hesabu ya kurudisha gharama, ile ya watazamaji wangapi wanatosha, usiuingize upande wowote.

Jumba la makumbusho lina jambo lake la pekee: makusanyo. Marekani inaruhusu taasisi isiandike kazi za sanaa za makusanyo kuwa mali kwenye mizania, mradi zinaonyeshwa kwa umma au kutumika kwa elimu na utafiti, zinatunzwa, na kuna sera kuhusu fedha za mauzo yake. Usizipigie uchakavu, yaani kuzishusha thamani kila mwaka, kwa mazoea, kwa kuwa kazi ya sanaa inayotunzwa isiishe thamani haipigiwi. Mfumo wa kudhibiti unyevu unaoilinda hupigiwa.

Taarifa ya dirisha la tiketi

Maswali mengi huwa na karatasi ya mauzo ya usiku mmoja. Anza na viti, ndipo uende kwenye fedha. Tuseme zote ziliuzwa mlangoni usiku ule:

Bei kamili 88 × 5,000 = 440,000
Punguzo 41 × 3,000 = 123,000
Mwaliko 14
Hazikuuzwa 49
Viti 192, fedha zinazotarajiwa 563,000

Taslimu iliyohesabiwa ni 175,000, na malipo ya kadi ni 383,000. Jumla 558,000. Zimepungua 5,000, sawa na tiketi moja kamili, kwa hiyo tafuta kwanza tiketi ya mwaliko iliyochapwa kama ya kulipia. Upungufu ungekuwa 2,000, ungeshuku tiketi kamili iliyotozwa bei ya punguzo. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki, kama 1,800, mara nyingi ni tarakimu mbili zilizopishana, 7,500 ikaandikwa 5,700. Usiifiche tofauti ndani ya mapato. Iandike kwenye akaunti ya upungufu na ziada ya taslimu.

Siku mbili baadaye benki inaonyesha 373,425 badala ya 383,000, kwa sababu kampuni ya kadi imekata asilimia 2.5. Mapato yanabaki yale yale kamili, na ada ya 9,575 ni gharama. Ukiandika kiasi kilichofika benki peke yake, mapato yako hayatalingana tena na tiketi, na usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyako na taarifa ya benki, utakusumbua mwaka mzima.

Mtiririko wa fedha

Rudi kwenye igizo letu la kwanza, lenye watazamaji 1,385. Mapato ya tiketi ni 5,401,500, ruzuku 1,200,000, matumizi yote pamoja na mrabaha na ada 6,600,225. Ziada ni 1,275. Bajeti imesawazishwa. Panga sasa kwa miezi, ukianza na salio la 600,000 na ruzuku inayolipwa asilimia 70 mwanzoni na 30 baada ya ripoti:

Mwezi 1: inaingia 840,000, inatoka 1,300,000, salio 140,000
Mwezi 2: inaingia 400,000, inatoka 2,200,000, salio −1,660,000
Mwezi 3: inaingia 5,001,500, inatoka 2,600,225, salio 741,275
Mwezi 4: inatoka 500,000, salio 241,275
Mwezi 5: inaingia 360,000, salio 601,275

Igizo hili lenye bajeti iliyosawazishwa haliwezi kufika jukwaani, maana mwezi wa pili hakuna fedha za kulipa waigizaji. Ripoti nzuri inataja shimo hili kwa kiasi na kwa mwezi, kisha inapendekeza: kumwomba mfadhili atoe sehemu kubwa zaidi mapema, kukubaliana na fundi wa mandhari alipwe nusu baada ya ufunguzi, kuanza kuuza tiketi wiki sita kabla. Pendekezo la kutumia fedha za tiketi za msimu ujao litaje kwa jina lake halisi, yaani mkopo kutoka kwa watazamaji, unaolipwa kwa maonyesho ambayo nayo yatahitaji fedha.

Hakiki: toa salio la mwanzo kwenye salio la mwisho, ubaki na 1,275. Isipofika hapo, kuna mstari wa bajeti ambao hukuupangia mwezi.

Kulinganisha bajeti na hali halisi, na kuandika ripoti

Igizo limekwisha. Walikuja watu 1,250 badala ya 1,385, na wastani wa kiti ukawa 4,050 badala ya 3,900. Mapato ni 5,062,500, pungufu kwa 339,000. Kusema "mapato yamepungua kwa asilimia 6.3" hakutoshi. Igawe tofauti:

Idadi: −135 × 3,900 = −526,500
Bei: +150 × 1,250 = +187,500
Jumla: −339,000

Hapo pana la kuzungumza. Wastani umepanda wakati watu wamepungua, dalili kwamba tiketi za punguzo au za mwaliko zilitolewa chache. Pendekezo linalofuata ni kurudisha punguzo kwenye usiku wenye viti vitupu. Kuongeza matangazo tu hakujibu kilichoonekana.

Kwenye vipimo vya uwiano, akiba, yaani miezi ambayo fedha zilizopo zingetosha kulipa matumizi, huhesabiwa vibaya kuliko kitu kingine. Kundi lina mali halisi zisizo na masharti 1,800,000, lakini 1,100,000 ni taa na vifaa. Taa haziwezi kulipa mshahara. Zinazotumika ni 700,000. Matumizi ya mwaka ya 5,900,000 gawanya kwa 12 ni 491,667 kwa mwezi, basi akiba ni ya miezi 1.4. Bila kuondoa taa ungeandika 3.7.

Sehemu ya nadharia ikiuliza kwa nini sanaa za jukwaani huhitaji ruzuku, eleza hoja ya wachumi William Baumol na William Bowen ya mwaka 1966: kiwandani mashine huongeza mazao ya kila saa ya kazi na mishahara hupanda nayo, lakini muziki wa wapigaji wanne bado unahitaji watu wale wale wanne na dakika zile zile, huku mishahara yao ikilazimika kufuata ile ya wengine. Ukiifahamu hoja hiyo hutauita kila upungufu uzembe wa meneja. Iunganishe na namba zako: onyesha ni sehemu gani ya 5,790,000 ni malipo ya watu, na kwa nini malipo ya kila usiku hayapungui maonyesho yakiongezeka.

Bodi ya kundi la sanaa huwa na wasanii, wanasheria na wafanyabiashara, na si wote wanaosoma mizania. Weka hitimisho na pendekezo kwenye aya ya kwanza, majedwali makubwa kwenye viambatisho, na kila namba ndani ya maandishi itaje jedwali ilikotoka. Siku ya kuwasilisha, fungua ukurasa wa Makisio, badilisha bei ya punguzo kutoka 3,000 hadi 2,500, na uangalie idadi ya watazamaji ikitembea yenyewe kutoka 1,385 hadi 1,440. Isipotembea, kuna namba uliyoiandika kwa mkono ndani ya fomula mahali fulani, na bado unao muda wa kuitafuta.